Kadi ya Mwatumu

Kabla ya alfajiri, mfuniko wa debe la mchele ulilia chumbani kwa Bi Rehani. Ndani ya debe hilo ndimo wanawake wa mtaa walimofichia kadi zao za uzazi wa mpango, waume wasizione.

"Nataka kutazama tarehe tu, bibi," alisema Siwema. "Leo mume wangu yupo. Sindano nitachoma wiki ijayo."

Bi Rehani akapapasa, akampa kadi. Siwema akaisogeza kwenye mwanga wa jiko.

"Hii ya marehemu Mwatumu."

Mwatumu alifariki mwaka jana akijifungua mtoto wa saba.

"Naye alisema wiki ijayo," Bi Rehani akajibu taratibu. "Mvua ilikuwa kubwa, nikamwambia haina neno. Mpaka leo namsikia akipiga hodi. Nikifungua, hakuna mtu."

Siwema akamrudishia, akachukua kadi yake debeni, akaifunga kwenye pindo la kanga.

"Mume wangu akiniuliza?"

"Mwambie naumwa, umenipeleka zahanati. Ngoja nivae viatu."

Siwema akatangulia nje. Bi Rehani akairudisha kadi ya Mwatumu debeni, akailaza vizuri.

"Usichoke kupiga hodi, mwanangu," akanong'ona.