Magauni Mawili ya Kitambaa Kimoja

Epifania alilikuta gauni la pili ndani ya mkoba wa mumewe, Mwalimu Athanas. Kitambaa kilekile cha gauni jipya la binti yao Esta, kipimo kilekile.

"La nani hili?"

"La mtoto wa dada Salvina, kule Bugarama. Wewe nawe! Wivu utakuua."

Wivu? Mngoni wa watu, kamfuata mwanamume kutoka Songea hadi Maganzo, hana ndugu wala jirani anayejua lugha yake, asiwe na wivu? Huyo Salvina tangu ajaliwe mtoto hajakanyaga hapa. Leo mto umefurika, kesho mtoto ana surua. Dada gani huyo! Epifania alijua amesalitiwa: Bugarama kuna mke mwenzake. Siku moja atafukuzwa, na watoto watabaki kwa baba yao. Hapo ndipo usingizi ulipomruka, kunyang'anywa mtoto.

Giza lilipoingia, Athanas alimpakata Esta uani, akamwonyesha nyota angavu upande wa kusini.

"Ile waiona moja, mwanangu, ila kwa darubini ya Padri ni mbili. Wingu kubwa la gesi lilijikusanya kwa uzito wake, likazunguka, likakatika vipande, kila kipande kikawa nyota. Nyingi huzaliwa hivyo, mbili au tatu pamoja."

"Na moja ikipotea?"

Bibi yake Esta, mama mzazi wa Athanas, aliyekuwa akichochea moto, alisonya. "Athanas! Acha habari za kuzaliwa."

Bibi huyo ndiye aliyempokea Esta hospitalini, Epifania akiwa kapasuliwa na bado amelewa dawa ya usingizi. Ndiye pia aliyempa mdogo wake Esta jina la Shija, akakataa katakata jina jingine. "Mizimu haidanganywi," alisema. Epifania hakubisha, mila za Kisukuma angezijulia wapi?

Jumamosi, gulioni, Shija alimponyoka mkononi.

"Shija! We Shija, rudi!"

Muuza karanga mmoja alimdaka mtoto, akacheka. "Kumbe ndiwe Mama Shija! Hongera, mama, una baraka kubwa."

"Baraka gani, dada?"

"Haya, mgeni wewe! Shija si jina la kuokota. Hupewa mtoto anayezaliwa baada ya mapacha." Akamgeukia Esta, akalishika pindo la gauni lake jipya. "Na huyu bila shaka ni mmoja wao. Mwenzake umemwacha wapi?"