Chupa ya Posa

Siku hizo kila chupa ya wiski ya bourbon ilifunguka tu katika mkoa iliogawiwa, na Kilimanjaro ilikuwa kavu, bila mgao wa chupa hata moja, tangu masika. Upande wa mchumba ukaja kuposa na chupa ya Arusha. Ikagoma kufunguka. Basi ukoo mzima ukaenda hadi mpaka wa Arusha pamoja na Aikande, aliyekuwa akiposwa, kwa kuwa binti asipoonja wa kwanza, posa haihesabiki.

Walipovuka tu, kizibo kikajizungusha chenyewe, taratibu. Wazee wakavua kofia.

“Onja basi, mama, koo zimetukauka,” mjomba wa Aikande alimtania.

Aikande alipoinua glasi, kizibo kikasema kwa upole, “Huyu asinywe. Hayuko peke yake.”

Wote wakalitazama tumbo lake. Aikande naye akalitazama, maana hata yeye alikuwa hajui.