Midoli ya Bi Mwajabu

Bi Mwajabu alikuwa na midoli mia tatu, aliyoikusanya tangu usichana na kuipanga kwenye rafu za sebuleni. Mtoto wa jirani alipougua, mtaa ulianza kunong'ona kwamba ndani ya midoli ile amefungia nyota za watoto wa watu. Asubuhi moja mdogo wake, Tausi, aliingia akihema.

"Dada, wanakuja kupekua. Tuifiche."

Waliijaza kwenye magunia na kuyasukuma uvunguni. Kisha Bi Mwajabu akazitazama rafu tupu.

"Tausi, wakiikuta uvunguni watasema nini?"

Sauti za watu zilikwisha kufika uchochoroni. Wakayavuta magunia, wakairudisha midoli harakaharaka, mingine kichwa chini. Gunia moja lilikuwa bado limejaa mlango ulipogongwa.

"Karibuni," alisema Bi Mwajabu, akiufungua mlango.

Mama wa mtoto mgonjwa aliingia wa kwanza. Alipita rafu moja moja, akachukua mdoli mdogo wa kitambaa, akauweka sikioni. Watu wote mlangoni wakasubiri aseme kama nyota ya mwanawe imo ndani.