Petro wa Kapata

Juma zima la mazoezi Sadrack, aliyecheza Petro, alishindwa kumkana Yesu.

"Unamukana kama mutu mwenye anakatala chai ya pili!" Mama Odile, aliyeongoza mchezo wa Pasaka, alimfokea, na uwanja wote wa parokia ukacheka. "Ogopa, mwanangu! Petro aliogopa mpaka akasahau jina yake."

"Mama, mi siwezi kumukana Banza. Hata mu muchezo."

Banza ndiye aliyecheza Yesu. Alikuwa kitinda mimba wa Mama Odile, na yeye na Sadrack walibatizwa siku moja. Mama ndiye aliyempa nafasi hiyo, wala si kwa sababu ya ndevu zake. Tangu Banza alipookota samaki waliokufa mtoni kwa sumu ya mgodi akawamwaga mbele ya geti lake, watu wasiojulikana walikuwa wakipita Kapata wakiuliza anakolala. Makampuni ya mgodi huo yamebadilisha majina mara ngapi! Baba yake Banza aliuawa chini ya jina la zamani. Majina hubadilika, anayeuliza mtu analala wapi ni yuleyule.

Basi Mama akamwambia: kaa hapa parokiani mpaka Pasaka ipite. Ndani ya ua wa Mungu nani atakugusa?

Vijana wa korali, waimbaji wa parokia waliocheza askari kwa kofia za maboksi, nao aliwasema. "Na hii makarton mutaogopesha nani? Mutafute manguo ya kweli!"

Ijumaa Kuu watu walijaa mpaka nje ya ukuta. Yesu akapiga magoti bustanini, yaani katikati ya mihogo ya padri. "Baba, unitoshee hii kikombe."

Askari wakaingia kwa geti, si kwa mlango wa sakristia kama walivyofundishwa. Mama Odile alitaka kukasirika, akaona buti, akaona miwani myeusi na vitambaa usoni, akatabasamu. Wamesikia, watoto hawa.

Wakamkaba Banza shingo. Akageuka.

"Mama!"

Bustanini Yesu hakumwita mama yake. Mama Odile aliijua Injili. Atamkosoa baadaye.

Askari mmoja akamwendea Sadrack, aliyekuwa akiota moto kwenye mbabula, jiko la makaa. Kijakazi ndiye aliyepaswa kuuliza, lakini askari alimtangulia.

"We, unamujua uyu?"

"Hapana, chef."

"Batu banasema munatembeaka pamoja."

"Banadanganya, chef, banasema bongo. Niko na batoto."

"Apa kwa Mungu."

"Mbele ya Mungu! Uyu mutu simujue!"

Suruali ya Sadrack ikalowa mkojo mpaka kwenye kandambili. Mwanamke mmoja uwanjani akaanza kulia, wakalia wote, na Mama Odile akalia kuliko wote huku akipiga makofi. Makofi yakaenea, yakafunika mngurumo wa gari lililowaka nje ya ukuta, walikomburuta Banza.

"Sasa ndiyo Petro!" akamwambia Sadrack, akimshika bega. "Sasa ndiyo umeogopa!"

Sadrack hakuinua uso.

Mlango wa sakristia ukafunguka. Vijana wa korali wakatokeza vichwa, kila mmoja na kofia yake ya karton, upanga wa mbao mkononi.

"Pardon, Mama Odile, manguo ya kweli tulikosa. Tuingie sasa?"