Ukurasa wa Tisa wa Mpango wa Dharura

Saa moja kasoro dakika tano asubuhi, Evelina alikuwa ameshaegemea kisiki chake, gongo kwapani, simu mkononi. Eneo zima lile la Uchindile, mtandao ulikubali kutulia hapo tu.

Ukurasa wa tisa wa mpango wa dharura, aliouandika mwenyewe, ulisema hivi: mafuriko yakiifunga kambi ya watalii, mratibu, yaani yeye, awapigie wafanyakazi kila siku saa moja asubuhi, mpaka maji yapungue na kazi irudi.

Leo ilikuwa siku ya sabini na tatu.

Mto Kilombero ulipopanda, aliwatoa wageni kumi na mmoja, wote wazima. Aliyevunjika mguu ni yeye, akipanda boti ya mwisho. Akaletwa huku, kwenye nyumba ya marehemu dada yake, vyumba vitatu na kitanda kimoja, misonobari pande zote. Mtu wa mwisho kupiga hodi alikuwa amepotea njia.

Alianza na Teddy, mpishi, aliyekimbilia kwao Mngeta.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nasikia mafuta yanachacharika. Unamkaangia nani asubuhi yote hii?"

"Watoto wa kaka. Wanakula kama nzige."

"Na maji?"

Mwiko uligonga kikaango. "Bado, mama."

Akampigia Fridolin, nahodha wa boti, aliyekuwa Idete. Nyuma yake injini ilinguruma, kisha ikazimwa ghafla.

"Mashine ya jirani ya kukoboa mpunga," Fridolin alisema kabla hajaulizwa. "Shikamoo."

"Marahaba. Fridolin, huku mvua ilishakata. Mwezi sasa."

"Ya kwenu milimani ndiyo inayoteremka kwetu, mama. Vumilia. Mguu je?"

"Jana nimetembea mpaka stesheni na kurudi. Mkiniita tu, treni ya kwanza ni yangu."

"Tutakuita."

Mfuko wake wa safari ulikuwa mlangoni tangu siku ya ishirini. Kila jioni aliufungua, akazikunja upya nguo zilezile, akaufunga.

Wa mwisho alikuwa Nkwabi, mlinzi, aliyerudi kwa baba yake kuchunga.

"Mbona unanong'ona?"

"Ng'ombe wamelala, mama."

"Ng'ombe wa Msukuma wanalala mpaka saa moja?"

"Hawa wamezoea mambo ya mjini. Wanataka kuamshwa kwa chai."

Evelina alicheka mpaka gongo likamponyoka. Hakuwa amecheka tangu jana, saa kama hii.

"Nkwabi."

"Naam, mama."

"Mimi sina mtoto, unajua. Dada ndiye huyo nimemlalia kitanda chake. Nikikaa huku mwaka, nitaanza kusemezana na misonobari. Maji yakishuka, hata kama ni usiku wa manane, nipigie. Usingoje saa moja."



"Nitapiga."

"Niahidi."

"Naahidi, mama."

Akakata simu. Akatoa daftari kwenye mkoba, akaandika: Siku ya 73. Wote salama. Tunasubiri. Kisha akainama polepole, akaokota gongo, akashika njia ya kurudi kwenye nyumba yenye vyumba vitatu.

Bondeni, kambini kulikokwisha kukauka, Nkwabi aliiweka simu mezani kando ya ile ya Teddy na ile ya Fridolin, akamwitikia kwa kichwa Egidius, mratibu mpya. Egidius akawageukia watalii kumi na wawili waliokuwa wameketi kimya mbele ya chai yao, akawaambia sasa wanaweza kuongea.