Msafiri wa Merrylands

Yasir alikula kuku mchana wa Ramadhani, dirishani kabisa, mbele ya mke wake aliyefunga.

"Usinitazame hivyo," alimwambia Suad. "Mimi msafiri. Msafiri ana ruhusa."

Msafiri huyo alikuwa na mwaka wa tatu ughaibuni, mtaa wa Merrylands, nyumba ile ile, akisomea uhandisi. Swala alizipunguza. Saumu alizila. Na kila Suad alipotaja shule, alipewa jibu moja.

"Mtu yuko njiani ataanzaje mambo ya shule? Nilisema nikishatulia mahali. Nimetulia?"

Ahadi hiyo aliitoa siku ya ndoa, kule Doonside, mtaa mwingine wa jiji hilo, sebuleni kwa Mzee Saif, rafiki wa baba yake Suad. Mzee ndiye aliyemwozesha kwa niaba ya baba aliyebaki Tanga. Suad alikatishwa masomo darasa la tano, mama yake alipougua, na baba alikuwa na sharti moja tu: mwanangu arudi darasani. Yasir akakubali mbele ya watu. Nikishatulia mahali, alisema, nitamsomesha. Watu wakaitikia amina, biriani ikaletwa.

Sasa nyuma ya maktaba palikuwa na darasa la watu wazima, na lilikuwa linafunguliwa Jumatatu. Suad alishapita pale akachungulia viti. Angeweza kwenda kimya kimya, Yasir akiwa kazini. Hakutaka. Kitu alichoahidiwa hadharani hakuwa tayari kukichukua kwa kujificha.

Yasir naye alikuwa na lake. Kiwandani Ingleburn, alikofanya kazi baada ya vipindi vya chuo, walimkata kodi kama mgeni wa kupita, tangu dola ya kwanza, bila nafuu anayopewa mkazi. Mwenzake Mohdhar alikatwa vivyo hivyo, akaenda kwa Mutanu, mama wa Kikamba aliyekuwa akiwaandalia watu hesabu za kodi katika chumba kilicho juu ya duka la mikate. Mutanu akawaandikia wakubwa wa kodi kwamba mwanafunzi huyu anaishi hapa hasa, kwa hiyo ni mkazi. Mohdhar akarudishiwa fedha zake. Sasa alikuwa na Corolla, na kila Ijumaa alimpigia Yasir honi akipita.

"Kazi ya dakika chache," Mohdhar alimwambia. "Nilikwenda peke yangu, nikatia sahihi, kwisha."

Yasir akamtuma Suad apeleke karatasi zake. Suad alikawia huko. Aliporudi, alisema kwa sauti yake ndogo, "Mama Mutanu anataka shahidi. Mtu mzima anayetujua."

"Shahidi wa nini tena?"

"Kwamba unaishi hapa. Nimemfikiria Mzee Saif. Ana heshima yake."

Yasir alifikiria ile honi ya Corolla. "Haya. Leo umetumia akili, mama."

Alhamisi walikutana kwa Mutanu, joto la Februari limejaa chumbani, harufu ya mikate inapanda kwenye ngazi. Yasir alimwamkia Mzee. Mzee akaitikia marahaba, akakaa pembeni, akafumba macho. Saumu imemchosha, Yasir alijisemea. Atalala.

"Sasa Bwana Yasir," Mutanu alianza, "hawa watu wa kodi wakiniuliza, niwaambie nini? Wewe uko hapa ama unapita tu?"

"Napita? Mimi?" Yasir alijivuta mbele. "Mwenye bucha ananijua kwa jina. Timu ya mpira ya mtaa, mimi ndiye kipa. Barazani nimepanda mchicha."

Mchicha aliupanda Suad.

"Na mabegi mliyokuja nayo?"

"Yako juu ya kabati, yamejaa vumbi."

"Lakini si wanafunzi wote husema watarudi kwao?"

"Kurudi ni baadaye. Leo kwangu ni hapa." Yasir aligonga meza kwa kidole. "Andika hivyo. Yasir si mpita njia. Yasir ametulia."

"Dada Suad, ni kweli?"

Suad aliinua uso. "Mwandike kama anavyosema."

Yasir akatia sahihi. Mzee Saif akafumbua macho, akaomba kalamu, naye akaandika jina lake chini, taratibu, herufi moja moja.

"Alhamdulillahi," alisema. "Nimengoja sana kulisikia neno hili. Kumbe umetulia, mwanangu."

Tabasamu la Yasir lilianza kufifia. "Mzee, hayo ni mambo ya kodi tu."

"Kwa hiyo umemdanganya mama huyu?"

Yasir aliitazama karatasi. Mutanu alikuwa ameishika kwa vidole viwili juu ya pipa la taka, akingoja jibu. Nje, gari fulani lilipiga honi.

"Hapana, Mzee. Ni kweli."

"Vizuri. Kesho basi utafunga na sisi. Na Jumatatu utampeleka mkeo darasani mwenyewe, kwa mkono wako, kama ulivyomwahidi baba yake."

Suad alikuwa ameshasimama. Alijitanda mtandio wake, akamuaga Mzee kwa kumbusu mkono, akamtazama mumewe moja kwa moja machoni. Kisha akashuka ngazi mbele yao wote, na hatua zake zilisikika mpaka chini.

Yasir alimgeukia Mutanu kwa hasira. "Sheria gani hii ya shahidi? Mohdhar hakudaiwa shahidi!"

"Watu wa kodi hawataki shahidi, Bwana Yasir," alisema Mutanu, akiiweka karatasi ndani ya bahasha. "Aliyemtaka ni mkeo."