Vidonge vya Mwezi Mzima

Levina alipoinamia kitanda, alisikia maji yakitokota ndani ya kifua cha mama yake.

"Daktari! Daktari, njoo!"

Povu lilikuwa limetokeza midomoni mwa Bi Apolinaria, na kucha zake zimeanza kugeuka rangi. Alivuta pumzi kama mtu anayezama, macho yake yenye ukungu yameelekea dari asiyoiona.

Daktari Theodora alikuja mbio. Alisikiliza kifua, akaagiza oksijeni, akaamuru dripu ipunguzwe.

"Mapafu yamejaa maji," alisema. "Zile dawa za presha zimelegeza mishipa kupita kiasi, sasa inavuja. Dada, niambie ukweli. Alimeza vingapi?"

"Vyote. Vya mwezi mzima."

"Kwa kukosea?"



Angesema nini? Jana asubuhi alimkuta mama yake ameanguka kizingitini, kavaa kitenge chake cha kanisani, pakiti tupu ya dawa kaikumbatia. Huyu ni mama ambaye kwa miaka sita hakuwahi kukosea dozi. Hata macho yalipomwisha, alivijua vidonge vyake kwa kuvipapasa.

Na yale maneno ya juzi! Bi Apolinaria alimpa jirani fimbo yake ya kutembelea. "Chukua tu, mimi siihitaji tena." Jioni, baada ya rozari, alimpakata mjukuu wake mchanga, akampitisha vidole usoni, polepole, paji hadi kidevu. Kisha akasema, "Levina mwanangu, nimekuchosha. Kunivalisha, kunishika mkono mpaka chooni. Kesho nitakupumzisha."

Levina alicheka tu. 

Alijua mama yake ana donda moyoni. Mara mbili alitoka Goweko kwa treni kuja mjini kupasuliwa jicho, na mara mbili wakamrudisha vilevile. Ile ya pili wakamwongezea dawa za presha, wakamwambia asubiri. Hakulia. Alikataa kurudi kijijini, akabaki hapa kwa Levina, siku tatu hasemi na mtu.

Simu ililia. Ni kaka yake, Vedasto.

"Mama amepatwa na nini?"

"Kifua," alijibu Levina. "Kifua kinambana."

Alikata haraka. Neno lile lingine hakuthubutu kulitamka, si kwa kaka, si kwa daktari, wala kwa padri ambaye huenda angeitwa kabla jua halijatua. Alipiga magoti kando ya kitanda, akaushika mkono uliokuwa baridi kama udongo wa mtungi.

"Mayu," alinong'ona, akimwita kwa Kinyamwezi kama alivyomwita utotoni. "Hujawahi kunichosha. Nasema kweli, Mayu. Usiende."

Kifua kiliendelea kutokota. Kila pumzi ilipokawia, Levina naye alisahau kuvuta yake.

Siku ya tatu, adhuhuri, mtokoto ulipungua. Daktari Theodora alisikiliza mgongo kwa muda mrefu, halafu akatikisa kichwa kwa mshangao. "Maji yanakauka. Mama huyu ana roho ngumu. Akiamka, zungumza naye taratibu. Usimgombeze. Mtu aliyefika huko anahitaji kusikilizwa."

Levina alivuta kiti karibu. Mama yake alipopapasa barakoa ya oksijeni na kuisogeza pembeni, machozi yalimtoka Levina kabla ya maneno.

"Levina?"

"Nipo, Mayu. Sema lolote. Sitakasirika."

"Presha wamenipima?"

"Wamekupima, mama."

"Imeshuka?"

"Imeshuka. Imeshuka mno, karibu ikuue."

Uso wa Bi Apolinaria ulichanua, akamshika binti yake mkono kwa nguvu zote alizobakiwa nazo.

"Basi kimbia kwa wale wa macho, waambie wanipasue leo hii hii, kabla haijapanda tena."